Kompyuta za Shule Zisitupwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Naomba ruhusa nilete mbele yako jambo ambalo, ijapokuwa halina kishindo cha uhaba wa madawati wala cha upungufu wa walimu wa hisabati, linagusa mali ya umma iliyomo katika shule nyingi za sekondari na vyuo vya ualimu vya nchi hii, na ambalo, likiachwa bila ya kauli ya Wizara, litaamuliwa na watu walio mbali nasi ambao hawana dhamana yoyote juu ya watoto wetu. Jambo lenyewe ni hatima ya kompyuta zinazotumia Windows 10.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa kwa desturi masasisho ya usalama ya mfumo huo, ambao ilikuwa imeutoa tarehe 29 Julai 2015. Hakuna mashine iliyozimika siku hiyo. Kila moja iliwaka asubuhi ya pili yake kama ilivyowaka siku zote, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi hawaoni badiliko lolote, ilhali kila ufa utakaogunduliwa ndani ya mfumo huo tangu siku ile utabaki wazi katika mashine isiyolipiwa wala kuandikishwa kwa masasisho ya ziada. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua, hata hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa wao. Na tiba ya ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa tangu mwezi Machi wa mwaka ule ule, ila mashine zilizodhurika hazikuwa zimeipata. Basi sitetei hata kidogo kwamba shule ziendelee na Windows 10 kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtu atauliza kwa haki: kama Windows 10 imeachwa, kwa nini shule zisihamie Windows 11, ambayo mwenye Windows 10 halali hupewa bila ya malipo? Jibu limo katika masharti yake. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, yataka mashine yenye chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni yenyewe, orodha ambayo kwa prosesa za Intel huanza, isipokuwa chache mno, na kizazi cha nane kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta iliyoundwa mwaka 2015, yenye prosesa ya Core i5 na RAM ya GB 8, ambayo yaandika barua, yachora grafu na kuonyesha filamu ya somo la biolojia pasipo kusita, hukataliwa, wala hukumu hiyo haiangalii kazi ambayo mashine yaweza kuifanya.

Sasa, Mheshimiwa, tazama kompyuta zilizomo katika shule zetu zimetoka wapi. Aghalabu zimekuja kama hidaya kutoka taasisi za ng'ambo zilizokuwa zimemaliza haja nazo, au zimenunuliwa na kamati za wazazi katika maduka ya Kariakoo yauzayo mashine zilizotumika Ulaya na Dubai, na kwa hiyo siku zinapowashwa kwa mara ya kwanza darasani huwa zimekwisha kuwa na umri wa miaka mitano au sita. Tarehe iliyopangwa kwa mnunuzi wa Marekani anayebadilisha kompyuta yake kila baada ya miaka michache hutufikia sisi tungali katikati ya matumizi. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya kukoma huku kwa Windows 10. Na Umoja wa Mataifa umeripoti kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, ambazo chini ya robo yake tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya mashine hizo mna risasi, na katika vioo vya zamani mna zebaki, na vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba huuvuta moshi wake bila ya kinga yoyote.

Katika shule ninayofundisha, fundi aliyeitwa kukagua chumba cha kompyuta alitupa shauri la maneno machache: uzeni hizi kama chuma chakavu, nunueni mpya. Hakuwa na nia mbaya, kwani alisema aliloambiwa na soko. Lakini mkuu wa shule alipouliza fedha za kununulia hizo mpya zitatoka wapi, hapakuwa na wa kujibu. Ndipo tulipoamua kuziwekea Ubuntu, mfumo huria wa jamii ya Linux, zile zote zilizokuwa na afya. Nitaeleza yaliyotokea kwa insafu, mema na mazito, maana sikuandika ili kusifu tu.

Mema ni haya. Mashine zilizokuwa zikichukua muda mrefu kuamka ziliamka upesi. Virusi vilivyokuwa vikisafiri kutoka flashi hadi flashi, vikificha mafaili ya wanafunzi na kuacha vijipicha vya njia mkato mahali pake, havikupata pa kukaa, kwa sababu vilitungwa kwa ajili ya Windows. Tuliweka Kiwix, programu inayowezesha Wikipedia nzima ya Kiswahili kusomwa pasipo intaneti, tukaweka GeoGebra kwa walimu wa hisabati, na vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania huviweka katika maktaba yake ya mtandaoni tukavipakua kwa siku moja yenye mtandao mzuri ili visomwe siku zote zisizo na mtandao. Wanafunzi hawakuhitaji kubembelezwa. Walibofya, wakakosea, wakarudia, na baada ya muda mfupi walikuwa wakituonyesha sisi walimu vitu tusivyovijua.

Mazito nayo yalikuwapo. Printa moja ilikataa kabisa kuelewana na mfumo mpya mpaka tulipoazima nyingine. Mitihani iliyochapwa katika Word, ilipofunguliwa katika LibreOffice, programu huria ya ofisi, majedwali yake yalisogea na namba za maswali zikavunjika, na mwalimu wa taaluma, ambaye hana saa ya ziada katika juma la mitihani, alikasirika kwa haki. Mtunza fedha wa shule alibaki na Windows kwa kuwa programu anayoitumia kwa hesabu haina nakala ya Linux, nasi hatukumlazimisha. Haya yote hutatulika au huvumilika, lakini hayatatuliki na mwalimu mmoja mwenye hiari katika shule moja. Akihamishwa kituo, kila kitu hurudi kilikotoka. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika kwako badala ya kuwaandikia walimu wenzangu.

Linux si jambo la majaribio, wala si la watu wachache wapendao mambo mageni. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, na kiini chake ndicho kinachoendesha kila simu ya Android iliyomo mikononi mwa wananchi wetu, ingawa wengi wao hawakupata kuambiwa hivyo. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, nayo hutoa kila baada ya miaka miwili toleo linalotunzwa kwa masasisho ya miaka mitano bila ya ada, hivyo kwamba toleo la Aprili 2024 litahudumiwa hadi mwaka 2029. Mwaka huo huo wa 2004, hapa hapa nyumbani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kabla hata Microsoft haijatuletea Kiswahili katika Windows yake. Naitaja kazi ile kwa fahari na kwa huzuni pamoja. Ni wanafunzi wangapi wa leo, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa, waliopata kuiona ikitumika darasani?

Wengine wamekwisha kuijaribu njia hii kwa ukubwa. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, limefundisha kompyuta katika shule zake za serikali kwa programu huria kwa miaka mingi, na limejitengenezea hata toleo lake la Linux lenye masomo ya watoto. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kutumia OpenOffice mwaka 2005, kisha kuanzia mwaka 2008 wakahamishia Ubuntu makumi ya maelfu ya kompyuta zao. Mwezi Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza kuhamishia Linux kompyuta 30,000 za utumishi wake. Mji wa München, kwa upande mwingine, ulihamishia Linux kompyuta zipatazo 15,000, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows baada ya manung'uniko ya watumishi na mabadiliko ya viongozi. Ninautaja mji huo makusudi, kwa sababu unatufundisha kwamba programu huria isiyo na mafunzo, isiyo na fundi anayeijua na isiyo na kiongozi anayeisimamia huchukiwa na watu wake wenyewe.

Nimeambiwa kwamba Microsoft imeziwekea shule bei ndogo ya kuendelea kupata masasisho ya Windows 10: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu, hadi Oktoba 2028. Ni kweli, nami siibezi bei hiyo. Shule yenye leseni halali za elimu na mashine asizoweza mtunza fedha kuziacha yafaa iitumie. Lakini yeyote aliyewahi kuingia katika vyumba vyetu vya kompyuta anajua kwamba Windows iliyomo katika mashine nyingi ilipigwa na fundi kutoka katika flashi ya mfukoni, kwa ufunguo ambao hakuununua yeye wala shule. Tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo hulinda programu za kompyuta kama ilindavyo vitabu. Mwalimu anasimamaje mbele ya watoto kuwakataza kuiba majibu ya mtihani, hali mashine zote zilizo nyuma yake zinaendeshwa kwa programu ya wizi? Hili lanisumbua kuliko gharama. Tumewazoesha watoto kuona kwamba katika kompyuta, na katika kompyuta peke yake, kuchukua cha mtu bila ya idhini ni ufundi wa kusifiwa. Na dawa yake si kuwasaka mafundi, bali ni kuwapa shule kitu ambacho ni halali kunakili, kugawa na kubadilisha.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni waraka wa elimu. Waraka huo uagize kwamba hakuna shule ya umma itakayofuta katika daftari la mali au kuuza kompyuta inayofanya kazi kwa sababu tu ya kukoma kwa Windows 10, kabla haijajaribiwa kwa mfumo huria na kuonekana haifai. Uviagize vyuo vya ualimu viwafundishe walimu tarajali mifumo miwili, si mmoja, na kila halmashauri iwe na angalau fundi mmoja aliyefunzwa kuiweka na kuitunza Linux, kwa kushauriana na TAMISEMI, yenye shule hizo mikononi mwake, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye wataalamu wa kutosha kuandaa toleo moja la taifa lenye vitabu vya Taasisi ya Elimu ndani yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiombwe kuifufua kazi ya Kiswahili iliyoanzwa na Kilinux, kwa kuwa wasomi wetu wa isimu na wa kompyuta sasa ni wengi kuliko wakati ule. Nakala ya shauri hili ingefaa pia kuifikia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, ambako tatizo ni lile lile.

Na Baraza la Mitihani litazame upya maswali yake ya kompyuta, ili mwanafunzi apimwe kama anajua kupanga jedwali, kuandika fomula na kulinda kazi yake, pasipo kuulizwa kitufe fulani kimewekwa wapi katika programu ya kampuni fulani. Bila ya hilo, mkuu wa shule yeyote mwenye busara ataikataa Linux kwa kuhofia matokeo ya kidato cha nne, wala sitamlaumu.

Naomba waraka huu utoke kabla shule hazijapanga bajeti za mwaka ujao wa fedha. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwisha kuanza kupita shuleni, na mashine ikishapimwa kwenye mizani yao hairudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari, Tanga.