Mama na Mti Uliokaribia Kutupwa

Majani yameanza kuwa mekundu na makoti yameshatoka kabatini.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Lushoto kunisaidia kulea mtoto mchanga. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Wa pili alianza kukaa dirishani toka asubuhi, chakula akikigusa tu. Nikirudi kutoka zamu ya usiku nampima presha, nakagua dawa zake, namwambia, "Mama, uko vizuri." Naye hujibu, "Nashukuru, mwanangu." Stashahada ya nyumbani na digrii ya huku zimenifundisha kusoma mashine. Mama sikumsoma. Mpaka siku moja akaniambia: "Nguo mashine, vyombo mashine, na mjukuu wangu ananijibu kwa Kiingereza. Hapa mimi sina kazi."

Jumamosi moja ya Oktoba tukaenda Minnesota Landscape Arboretum, huko Chaska, kusini-magharibi ya Minneapolis. Ni bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1958, na ina zaidi ya ekari 1,200. Wengi wetu huenda kupiga picha za maua na majani ya vuli. Lakini ni mahali pa utafiti pia. Kwa miaka mingi chuo hicho kinatafuta aina za matunda zinazostahimili baridi ya huku, ambayo inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri.

Tofaa la Honeycrisp mnalonunua dukani lilitoka kwao. Wazazi wake walichavushwa mwaka 1960, na aina yenyewe ikatolewa kwa wakulima mwaka 1991. Katikati ya miaka hiyo baridi iliudhuru mti wake, ukaandikwa kuwa ni wa kutupwa. Mtafiti David Bedford akaamua kuupa nafasi nyingine. Tangu mwaka 2006 Honeycrisp ni tunda rasmi la jimbo hili.

Nilipomsimulia mama, hakushangaa. Yeye amelima maplamu na mapea maisha yake yote. Akasema, "Usiulaumu mti kabla hujatazama pale ulipopandwa." Kisha akaenda kwenye miti, akainama, akachunguza matawi yalivyopogolewa. Akataka kumuuliza mfanyakazi aliyekuwa karibu, na mkalimani akawa binti yangu wa miaka kumi. Mtoto akakwama: kikonyo ni nini? Kubebesha ni nini? Bibi akamweleza polepole, akimwonyesha kwa vidole. "Mbegu ya tofaa haitoi mti kama mama yake. Ukitaka tunda lilelile, unachukua kikonyo cha mti huo, unakibebesha kwenye shina jingine, na unafunga vizuri mpaka vishikane."

Usiku ule mama alikula sahani nzima ya ugali, akaomba mboga tena.

Wenzangu mnaotarajia wazazi, nawaomba msiishie kwenye presha na sukari. Muulizeni mzazi kama ana kazi ya mikono yake. Mpelekeni penye udongo. Arboretum hiyo ina masomo ya watoto, na pia ina huduma za kutumia mimea kuwaliwaza na kuwasaidia wagonjwa na wazee. Majira ya baridi yakiingia, nendeni Como Park hapa Saint Paul. Jumba lake la vioo limekuwapo tangu mwaka 1915, na ndani yake kuna joto na mimea ya kwetu kama migomba na mibuni. Kuingia ni bure, ukiwa na uwezo unachangia. Wanafunzi mnaoishi peke yenu, hasa mwaka wa kwanza, jumba hilo ni lenu pia. Januari ikikulemea, kakae humo saa moja, uvue koti, unuse udongo mbichi.

Mama alirudi Lushoto kabla ya Krismasi. Akabaki mchicha wake kwenye kopo dirishani, na binti yangu ndiye anayeumwagilia maji. Kila Jumamosi wanapigiana simu. Juzi nilikuwa jikoni nikamsikia akiuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:

"Bibi, vile vikonyo vya maplamu, umeshabebesha?"