Bati linatoka Bisie, lakini simu haikutengenezwa kwa kufikiria watu wa Bisie

WALIKALE – Simu nyingi zinazouzwa huku kwetu zinamaliza chaji mapema kuliko inavyopaswa, na wanaozitengeneza wanajua dawa yake. Dawa hiyo ipo miaka mingi sasa, lakini wameanza kuiweka kwenye simu za matajiri. Sisi tunasema hiyo si haki.

Tuanze na mambo yenyewe. Kioo cha simu ya bei ndogo mara nyingi kina nukta 720 kwa upana na 1600 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni moja. Kijana akifungua mchezo wa mpira, chipu ya michoro inapiga hesabu ya rangi, mwanga na kivuli cha kila nukta, na inaweza kurudia kazi hiyo mara 60 kwa sekunde. Ni hesabu karibu milioni 70 kila sekunde. Kila hesabu inakula betri kidogo, na simu inapata joto.

Wahandisi waligundua kwamba kazi kubwa ya namna hiyo haina faida. Anga, majani ya uwanja, ukuta ulio mbali: jicho halioni tofauti kama nukta nne za jirani zimepewa hesabu moja. Basi simu inapunguza undani mahali pasipoonekana, na inaacha sura za watu na maandishi yakiwa safi. Inaweza pia kufanya hivyo yenyewe betri inapopungua au joto linapopanda. Qualcomm ilileta uwezo wa kupunguza hesabu hizo katika chipu ya Snapdragon 888 mwishoni mwa mwaka 2020. Arm ilifuata na Mali-G715 mwaka 2022. Zote mbili zilikuwa chipu za simu za bei kubwa.

Hapo ndipo tunapouliza: ni nani anayehitaji zaidi kuokoa chaji? Ni mtu wa mjini mwenye umeme ukutani mchana na usiku, au ni mchimbaji wa Walikale, ambako waya za SNEL hazijafika? Huku watu wanachaji kwa sola au kwa jenereta ya mtu, na kila kuchaji ni franka. Mvua ikinyesha siku mbili, pano ya sola haitoi kitu.

Wengine watasema: vijana waache michezo, betri itadumu. Hilo ni jibu la kudharau watu. Mtu aliyeshinda shimoni ana haki ya kujiburudisha jioni kama kijana wa Paris. Tena betri ni moja tu. Chaji iliyoliwa na majani ya uwanja wa mpira ndiyo ingempigia mama simu, ndiyo ingepokea pesa za Airtel Money. Mwezi wa tatu 2025, vita ilipofika Walikale-centre na Alphamin ikasimamisha kazi ya mgodi wa Bisie, familia zilihitaji simu ili kujua njia ipi ni salama na nani amefika wapi. Siku kama hizo, asilimia kumi ya betri ni kitu kikubwa.

Wengine watasema mwanga wa kioo na kutafuta rezo ndivyo vinavyokula zaidi. Ni kweli vinakula sana, hasa mahali ambapo rezo ni ya kubahatisha. Lakini kama rezo mbaya inatunyang'anya chaji, ndiyo sababu zaidi ya kulinda ile inayobaki.

Jambo moja tulikubali mapema: simu isipunguze kitu kwa siri. Mwaka 2022 Samsung iligombana na wateja wake Korea Kusini kwa sababu programu yake ilikuwa inapunguza nguvu ya michezo bila wao kuwa na uamuzi, na kampuni ikalazimika kuwapa uchaguzi. Mwenye simu aambiwe, kwa lugha anayoisoma, na aweze kukataa.

Ulaya wamekwisha kuamka. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayouzwa huko inabeba kibandiko kinachoonyesha betri inadumu saa ngapi, na sheria inataka betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Huku kwetu mnunuzi anaonyeshwa rangi ya simu na idadi ya kamera, basi.

Na serikali yetu? ARPTC ilijua vizuri kuzifikia simu zetu mwaka 2020 ilipoleta kodi ya RAM, iliyokatwa kwenye uniti za raia mpaka ikafutwa mwaka 2022. Kama iliweza kuhesabu simu ili kuzitoza, iweze pia kudai kwamba simu inayoingia Kongo ionyeshe betri yake inadumu saa ngapi, na kwamba uwezo wa kuokoa chaji uje umewashwa tangu kiwandani, pamoja na maelezo kwa Kiswahili na Lingala.

Bati la kulehemu ndilo linaloshika vipande vya ndani ya kila simu. Mwaka 2024 mgodi wa Bisie ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, sehemu inayoonekana katika soko la dunia nzima. Kabla ya kampuni kufika, watu wa hapa walibeba magunia ya kasiterite mgongoni, porini, mpaka Njingala. Hatuombi zawadi. Tunadai kwamba uwezo huu uwekwe kwanza katika simu ya bei ndogo, ile inayoshikwa na mkono uliochimba bati lake.