MAZUNGUMZO NA VIJANA: Uwanja Usio na Kiburi



Kijana mmoja aliyemaliza masomo yake alinijia baada ya Misa, akaniambia: «Baba, nataka kujifunza mchezo wa gofu. Nilifika mpaka langoni pa uwanja. Mtu aliyesimama pale hakunifukuza, bali aliangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia usoni. Nikageuka nikarudi nyumbani. Je, ni wapi mtu wa kawaida awezapo kujifunza bila kuaibishwa?»

Nilimjibu: «Mwanangu, swali lako si la gofu peke yake.» Maana wangapi wameacha chuo, kwaya au kazi njema, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu ya jicho moja la dharau mlangoni? Basi leo tuzungumze habari hii, nasi tuanzie kule mchezo wenyewe ulikokomaa.

Katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza, uko mji wa pwani uitwao kwa jina la Mtakatifu Andrea Mtume, yaani St Andrews. Zamani ulikuwa makao ya Askofu Mkuu, na magofu ya kanisa lake kubwa yanaonekana hata leo. Kando ya bahari iko nchi ya mchanga na majani mafupi, isiyofaa kwa kilimo. Hapo ndipo watu walipopiga mpira kwa fimbo tangu miaka mingi.

Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura katika nchi ile. Hakuichukua kwa nguvu. Aliomba ruhusa ya wenyeji, na katika hati waliyoandikiana akakiri kwamba haki yao inabaki: kucheza gofu, kucheza mpira wa miguu, kulenga shabaha, na michezo yao yote. Sungura kwa Askofu, uwanja kwa watu wote. Ndivyo walivyopatana.

Lakini mapatano mema huhitaji walinzi. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliuacha uwanja utoke mikononi mwake. Walioushika wakaufanya mahali pa kufugia sungura kwa biashara, na wanyama wale wakachimba mashimo kila mahali. Wenyeji hawakunyamaza. Waliteta mahakamani, tena waliwawinda sungura wenyewe, na ugomvi ule ulidumu miaka 20 na zaidi. Mwaka 1821 bwana mmoja mpenda gofu, James Cheape, aliinunua nchi ile, mchezo ukaokoka. Mwaka 1894 sheria ya Bunge iliuwezesha mji kuupata tena uwanja wake, na tangu 1974 unatunzwa na shirika lililowekwa kwa sheria kwa faida ya watu wote.

Tazameni basi ajabu hii. Uwanja unaoheshimiwa kupita vyote duniani si mali ya matajiri wachache: ni mali ya umma. Ni kweli, mgeni akitaka kucheza katika Uwanja wa Kale hulipa fedha nyingi, tena hungoja zamu. Lakini siku ya Jumapili, isipokuwa pakiwa na mashindano makubwa, hakuna mchezo hapo. Nyasi hupumzika, na watu hutembea juu yake pamoja na watoto na mbwa wao, wala hakuna anayewauliza viatu vyao ni vya namna gani.

Karibu na hapo kiko kiwanja kingine ambacho ningependa kijana wangu akijue. Mwaka 1867 wanawake wa mji walianzisha chama chao cha gofu. Desturi za wakati ule hazikupenda mwanamke ainue fimbo juu na kupiga kwa nguvu mbele ya watu. Kwa hiyo walitengenezewa mahali pa kusukuma mpira taratibu mpaka shimoni, na aliyewatengenezea ni Tom Morris, bingwa na mtunzaji wa uwanja mkubwa. Nchi yake ina vilima na mabonde madogo, kwa hiyo watu wamekiita Himalaya. Chama kile kingali hai, na mgeni yeyote hulipa fedha kidogo, hupewa fimbo na mpira papo hapo, akacheza. Bibi hucheza na mjukuu wake, na bingwa hukosa shimo kama mtoto. Wote hucheka pamoja, wala hakuna anayechekwa peke yake.

Msidhani kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Katika uwanja wa mashimo 18 hesabu ya kawaida ya mchezaji hodari huwa mapigo 72. Katika hayo, mawili kwa kila shimo huhesabiwa kwa kusukuma mpira karibu na shimo, yaani 36. Nusu nzima ya mchezo! Na nusu hiyo haihitaji nguvu, wala uwanja mkubwa, wala viatu vya fahari. Yahitaji jicho tulivu, mkono mpole, na saburi.

Kwa hiyo nilimshauri kijana wangu hivi. Anza na pigo fupi. Tafuta mahali penye majani mafupi, ukaombe ruhusa ya mwenye mahali. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Kopo la maziwa ya unga hukaribia kipimo hicho. Lifukie mpaka mdomo wake ulingane na ardhi. Simama hatua moja, kisha mbili, kisha tano. Usipige mpira kwa nguvu mahali wanapopita watoto, maana ni mgumu, nao huumiza. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukiisha kuzoea, nenda tena langoni. Huko Lubumbashi na Kinshasa viko viwanja vya gofu. Uliza bila kuona haya: bei ni kiasi gani, nani hufundisha, ni saa zipi mwanafunzi hasumbui wengine. Mahali pema utapatambua kwa dalili tatu: watakusalimu kabla ya kukupima, watakuambia bei waziwazi, na ukikosa mpira watakuonyesha namna ya kushika fimbo badala ya kucheka. Ukikosa dalili hizo, usijilaumu. Kasoro ni ya mahali, si yako.

Nanyi wazazi, walimu na viongozi wa vyama vya parokia, nina neno kwenu. Kila mmoja wetu analo lango lake. Mtoto mpya anapoingia darasani, au mwimbaji asiyejua sauti anapokuja kwenye kwaya, sisi ndio tunaosimama pale. Askofu Mkuu yule, pamoja na ukubwa wake, aliomba ruhusa kwa wenyeji, akawaachia nafasi yao. Sisi tumemwachia nani nafasi?

Kijana wangu amekwisha kulifukia kopo lake nyuma ya nyumba. Jioni wadogo zake hushika zamu. Ameniambia kwamba dada yake mdogo humshinda.