SOKWE MBELE YA TELEVISHENI



Ndugu zangu, kila wiki naletewa klipu ya mzee mmoja wa Kiingereza mwenye mvi anayeitetea Palestina kwa ukali. Anayeituma huandika: "Sheikh, umemuona huyu? Si Muislamu lakini ana utu kuliko viongozi wetu." Mzee huyo ni Roger Waters, aliyekuwa mpiga gita la besi na mtunzi mkuu wa bendi ya roki ya Pink Floyd. Naam, nimemuona. Tena ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba nyinyi mnaomshangilia hamjui kuwa miaka zaidi ya 30 iliyopita alishatoa albamu nzima ya kumshitaki mtu wa aina yenu.

Kabla hamjanivamia kwenye maoni: siwaambii mkaisikilize. Kauli za wanachuoni kuhusu ala za muziki mnazijua, na leo si mahali pake. Nazungumzia hoja iliyomo ndani yake, kwa sababu hoja ile inatuhusu.

Waters alizaliwa Septemba 1943. Baba yake, afisa wa jeshi la Uingereza, aliuawa Anzio, Italia, Februari 1944, mtoto akiwa na miezi mitano tu. Mtu huyu basi hakuvijua vita kwa kuhadithiwa; vilimnyima baba. Mwaka 1985 alijitoa Pink Floyd akiamini kwamba bila yeye bendi imekwisha. Wenzake wakasema haijaisha. Wakavutana kwa mawakili, na mwisho wa 1987 wakapatana: wao wakabaki na jina. Mwaka ule ule kila upande ulitoa albamu. Ya wenye jina ilifika nafasi ya 3 Uingereza, ya Waters ikaishia ya 25. Watu walilifuata jina na taa za jukwaani, mtunzi wakamwacha njiani. (Haya yapo hata kwenye mihadhara yetu, lakini tuyaache.)

Septemba 1992 ndipo alipotoa Amused to Death, yaani kuburudishwa mpaka kufa. Jina alilitohoa kwenye kitabu cha Mmarekani Neil Postman cha mwaka 1985, kilichoeleza jinsi televisheni inavyogeuza kila kitu kuwa burudani: habari, siasa, hata dini. Kwenye jalada amekaa sokwe, mbele yake televisheni, na ndani ya televisheni kuna jicho kubwa linalomtazama yeye. Waters alieleza kwamba sokwe yule ni mtu yeyote aliyekaa mdomo wazi mbele ya taarifa za habari.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa Vita vya Ghuba vya 1991. Wenye umri wangu mnavikumbuka. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni bado. Vita vile tulivisikia redioni, BBC na Sauti ya Ujerumani, wazee wamekaa barazani wamenyamaza. Marekani na Ulaya walivitazama moja kwa moja, usiku kucha, kama mechi. Januari 1991 jenerali mmoja wa Marekani aliwaonyesha waandishi wa habari video iliyopigwa kutoka angani: alama ya kulengea shabaha iko juu ya daraja, gari linapita, linavuka, kisha daraja linalipuliwa. Jenerali akatania kuhusu bahati ya yule dereva. Waandishi wakacheka. Wallahi fikirini: mwanadamu anayekimbia kuokoa roho yake, na chumba kizima kinacheka. Wiki mbili baadaye, Februari 13, mabomu ya aina hiyo hiyo, yanayosifiwa kwa kutokosea, yaliingia kwenye hifadhi ya raia ya Amiriyah mjini Baghdad. Zaidi ya watu 400 waliungua humo, wengi wao wanawake na watoto. Hapo hapakuwa na mzaha wa kusimuliwa.

Waters alilishika jambo hili akalirudisha kwa namna ya kutisha. Katika wimbo mmoja alimleta Marv Albert, mtangazaji maarufu wa mpira wa kikapu wa Marekani, atangaze shambulio la nyambizi dhidi ya mtambo wa mafuta baharini kwa sauti ile ile anayotangazia mpira, na uwanja unashangilia. Katika wimbo mwingine alirudi kwenye mashambulizi ya Libya ya Aprili 1986. Usiku ule mabomu yalianza kuanguka Tripoli saa 8 usiku, ambayo Washington ilikuwa saa 1 jioni, wakati wa taarifa ya habari. Nyumba ya Muislamu inabomoka akiwa usingizini, na kule watu wanapakua chakula cha jioni wakitazama. Na mwishoni mwa albamu wanakuja viumbe kutoka mbali kuchunguza binadamu wameangamizwa na nini. Wanakuta vivuli vyetu vimekusanyika kuizunguka televisheni.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2015 albamu ilitolewa upya, na kwenye jalada jipya sokwe ameondolewa, amewekwa mtoto mdogo wa binadamu. Mimi nilipoiona picha ile niliwakumbuka watoto wetu wenye simu mikononi. Mtoto anatazama jengo la Gaza linaanguka, anapandisha kidole, anakuja mchekeshaji, anapandisha kidole, maiti ya El Fasher, anapandisha kidole, mapishi ya biriani. Goma ilipoanguka Januari 2025, watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki unachokisoma walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, na klipu zao zikaletwa kwenye magurupu yetu zimetiwa muziki wa huzuni. Muziki, kana kwamba mama aliyepoteza mtoto anahitaji kupambwa ndipo tumhurumie!

Mtaniambia: "Sheikh, angalau tunasambaza. Tusiposambaza dunia haitajua." Hoja hii ina uzito, siibezi. Dhalimu hupenda giza, na klipu nyingi zimemfedhehesha dhalimu. Lakini mimi sisemi na anayesambaza ili fulani achukue hatua. Nasema na yule aliyesambaza, akahesabu laiki, akalala akijiona amepigana jihadi. Jiulize leo: katika klipu zote ulizotazama mwaka huu, unamjua marehemu mmoja kwa jina lake? Mmoja tu.

Katika Surat Al-Buruj Allah ametueleza watu wa mahandaki ya moto waliowachoma waumini. Ukiizingatia sura ile, utaona haikutosheka na kutaja moto. Imetaja kwamba walikaa pale, na kwamba walikuwa wanatazama. Najua, wale ndio walioukoka moto, sisi hatukuukoka. Lakini kule kukaa na kutazama kumetajwa mahsusi, na Qur'an haina neno la kujazia nafasi.

Na hapa ndipo ninapomsifu Waters kwa haki yake. Albamu yake haianzi kwa kelele. Inaanza kwa sauti ya mzee Alfred Razzell, askari wa Vita Kuu ya Kwanza, anayesimulia jinsi alivyomkuta mwenzake Bill Hubbard amejeruhiwa vibaya. Akajaribu kumbeba, lakini maumivu yalikuwa makubwa mno hata majeruhi akamsihi amwache. Akalazimika kumwacha pale katikati ya majeshi mawili. Razzell alilibeba jina lile zaidi ya miaka 60, mpaka 1984 alipoliona limeandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu kule Arras, Ufaransa, ndipo moyo ukatulia kidogo. Albamu inafungwa kwa sauti yake hiyo hiyo. Na ajabu ni kwamba sauti yenyewe ilitoka kwenye filamu ya televisheni ya BBC. Kwa hiyo kioo chenyewe hakina dhambi. Mwingine amekaa mbele yake akatoka na amana, mwingine ametoka na usingizi.

Huo ndio ushahidi. Shahidi ana jina la mtu, ana mzigo, na hapumziki. Mtazamaji ana bando tu.

Kwa hiyo ukituma klipu, tuma na jina la aliyeuawa kama linajulikana, na umri wake, na mji wake. Mtaje kwenye sujudi. Toa kitu, hata shilingi 1,000, kwa njia uliyoihakiki. Klipu iliyotiwa muziki usiitume kabisa. Na mtoto wako wa miaka saba asiione hata moja.

Bado nina ugomvi na Waters. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna wimbo wa sehemu tatu unaowakejeli wanaodai kila wanalolitaka wao, vita au pesa, ndilo analolitaka Mungu. Anawapiga wahubiri wa televisheni wa Marekani, na ninakiri yanatugusa hata sisi wenye kamera na vilemba. Lakini kejeli yake inavuka kutoka kwa mwizi hadi kwa mwenye mali. Mtu akighushi sahihi yako, wewe hulaumiwi kwa kuwa na jina.

Wapo pia wanaomtuhumu kuwachukia Mayahudi, yeye anakanusha. Wewe unayemshea usimtumie kama pazia la kumtukana Myahudi kwa Uyahudi wake, maana dhulma haina kabila.

Aliyeniuliza inbox kama inajuzu kumuombea dua: muombee hidaya, ni mzee wa zaidi ya miaka 80 na bado yuko hai.

Wabillahi tawfiq.