Heri Redio Isiyo na Picha

Ada ya king'amuzi ikipanda, shabiki wa kandanda mwenye mfuko mwepesi hulia kana kwamba amefiwa. Ligi ya Uingereza ataifuatilia vipi? Kwa maoni yangu, kilio hicho kimepita kiasi. Aliyeacha televisheni ya kulipia hajanyang'anywa mchezo. Amerudishiwa redio, na pamoja nayo lugha.

Ndugu msomaji, mtangazaji wa televisheni aweza kunyamaza, picha ikamsemea. Mwenzake wa redio hana nafasi hiyo. Sharti aseme mpira uko upande gani, nani anaukokota, beki yupi kapigwa chenga na mlinda lango kasimama wapi, yote kwa kasi ya mchezo wenyewe. Ndivyo marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alivyowawezesha Wakenya kuuona uwanja kwa masikio. Maneno kama mkwaju, kuotea, kipenga na kabumbu yana deni kubwa kwa vinywa vya watangazaji.

Kuna atakayesema kwamba redio haionyeshi bao. Ni kweli. Lakini Harambee Stars walipoilaza Morocco 1-0 katika CHAN, Agosti 2025, bao lilifungwa Kasarani, si ng'ambo. Mchezo wa kwetu wahitaji msimulizi wa kwetu.

Basi sisi wanafunzi wa Kiswahili tuyarekodi matangazo haya, tuukusanye msamiati wake na kuuandikia tasnifu. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.