Hapana, Si ya Kuuza

Mwaka umeanza na simu yangu haininyamazii. Amka saa kumi alfajiri. Soma vitabu 50. Anzisha biashara tatu, moja ikikufa zingine zikubebe. Kila mtu amegeuka kocha, hata yule jamaa tuliyekuwa tunaombana unga hosteli. Mimi nina malengo manne tu, na yote ni ya kroshia. Nimeyaandika nyuma ya risiti ya supamaketi na hakuna hata moja lenye pesa ndani yake.

Anti yangu aliiona hiyo risiti tarehe mbili Januari alipokuja kunisalimia. Aliisoma yote, akaigeuza aone kama kuna mengine, akakuta bei ya unga na mafuta, akairudisha mezani. Kisha akauliza, "Sasa hizi utauzia wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Anti ananipenda, na alikuwa amebeba ndizi na maziwa. Lakini hilo swali ndilo nimekuja kupigana nalo hapa, kwa sababu si lake peke yake. Ni letu sote, na limetuharibu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kabisa. Tangu hapo naishi kwa kuandika: makala za watu wengine, maelezo ya bidhaa, chochote kinacholipa. Jioni nikichoka na maneno nachukua uzi. Shosho ndiye alinifundisha nikiwa darasa la tano, na kwa miaka mingi kufuma kulikuwa kitu pekee maishani mwangu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza kinaingiza ngapi.

Halafu nikavaa topu niliyojifumia, mabeste wakaiona, na ule wimbo tunaoujua ukaanza. "Si uuze hizi! Unakalia doo!" Nikauza. Januari mwaka jana nikajiwekea lengo la nguvu, lile la kocha: topu moja kila wiki, 52 kwa mwaka.

Wacha nikupigie hesabu, maana makocha hawapendi kupiga hii. Topu moja ilikula madonge matatu ya uzi, 250 kila donge. Hiyo ni 750. Nilikuwa naiuza 1,500, kwa sababu mteja akisikia 2,000 anakukumbusha kuwa Gikomba atapata sweta ya mtumba kwa bei ya chini kabisa. Kuifuma kulinichukua saa 14. Kwa hivyo nilibaki na 750 kwa saa 14, yaani shilingi 53 na senti kwa saa. Hapo sijatoa nauli ya kupeleka mzigo tao, wala sijamtaja yule aliyeagiza rangi ya maziwa akafika kwa stage akasema alimaanisha nyeupe.

Usiniambie ningeongeza kasi. Kroshia ni kati ya vitu vichache ambavyo kiwanda bado hakijaviweza. Sweta ya kawaida inaweza kutoka kwa mashine. Kroshia ya kweli hapana, mashine huiga sura yake tu. Ukiona topu ya kroshia dukani, iwe Nairobi au London, kuna mtu aliyekaa na sindano akaivuta kitanzi kwa kitanzi. Ikiwa inauzwa bei ya chapo na soda, jua kuna mtu aliyelipia tofauti. Mwaka jana huyo mtu alikuwa mimi.

Oktoba nikiwa topu ya 38, kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuwaka. Usiku vidole vikawa vinakufa ganzi, naamka nautikisa mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Kliniki waliniambia niupumzishe wiki tatu. Nikacheka, na daktari hakuelewa kwa nini. Mkono huo huo ndio unaoandika. Mkono huo ndio kodi ya nyumba. Nilipoteza kazi mbili za kuandika kwa sababu ya topu zilizokuwa zikinipa shilingi 53 kwa saa, na Novemba nikajipata nikimwandikia landlodi meseji ndefu kwa kidole gumba cha kushoto.

Sasa niambie, ni nani hapo alikuwa serious na maisha, na ni nani alikuwa anacheza?

Hii akili ya kuuza kila kitu haikudondoka kutoka mbinguni. Tumekuzwa nayo. Uchaguzi wa 2022 ulipiganiwa kwa jina la hasla, na Novemba mwaka huo serikali ikazindua Hustler Fund: unakopa kwa simu, kuanzia 500 hadi 50,000, unarudisha ndani ya siku 14. Sisemi kukopa ni dhambi, nimeukopa. Ninachosema ni kwamba neno lililokuwa la mtu anayehangaika kwa kukosa kazi lilipakwa rangi likawa sifa. Hasla akawa shujaa. Na shujaa hana ruhusa ya kulalamika. Ukikosa kazi, si uchumi uliokunyima, ni wewe hukuamka mapema. Ukiwa na kazi, ongeza ya pili. Ukiwa na kitu unachokipenda, hicho ndicho mtaji, kiuze. Mpaka usingizi tunaambiwa tuupunguze, kama kwamba mwili ni plot ya kukodishwa vyumba hadi cha mwisho.

Lakini nina ugomvi na upande wa pili pia. Kuna wale wanaohubiri malengo ya upole, na ukifungua video zao unakuta mshumaa, kikombe cha chai ya maua, na kapu la uzi wa merino wenye bei ya kodi ya bedsitter. Huo si upole, hiyo ni shopping iliyonong'onezwa. Halafu ndani ya huo upole wamefichamo mijeledi. Kwa mfano lile blanketi la hali ya hewa: unafuma mstari mmoja kila siku, rangi kulingana na joto la siku hiyo, hadi mistari 365. Nilijaribu. Kwanza, Nairobi mchana hukaa kwenye nyuzi ishirini na kitu karibu mwaka mzima, kwa hivyo nyuzi zangu za sufu zilikuwa rangi mbili tu, na blanketi likafanana na sare ya shule. Pili, nilipokosa siku nne za Februari, nikawa na deni la mistari minne. Deni! Kwa blanketi! Kufikia Machi nilikuwa nadaiwa mistari 19 na mtu asiyekuwepo.

Upole wenye deni ni kazi nyingine tu iliyobadilishiwa jina.

Rafiki yangu mmoja, ambaye huwa hanihurumii kwa mabishano, aliniambia hivi: "Wewe unaongea hivyo juu unakula. Mtu mwenye njaa hana malengo ya upole." Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote na siwezi kuiruka. Ni kweli kroshia imewalisha watu. Ayalandi, ile njaa kuu ya miaka ya 1840 viazi vilipoharibika shambani, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma lesi ya kroshia wauze wapate chakula. Mji wa Clones ulipata jina kwa lesi hiyo. Hapa kwetu pia, kuna watu wangapi wanaosoma hii ambao uniform yao ya kwanza ilitokana na vitambaa vya makochi alivyouza mama? Siwezi kumdharau anayeuza. Mimi nimeuza, na labda nitauza tena.

Ila shosho alikuwa na viondo viwili.

Kimoja kilikuwa kikubwa, cha kijani na nyekundu, na ndani yake kulikuwa na vitambaa vya kuuza. Vya meza, vya viti, vya kufunika redio. Hivyo alivifuma mchana, kwa mpango, akijua ni vya nani na vimelipiwa ngapi. Kiondo cha pili kilikuwa kidogo, mkanda wake umekatika ukafungwa fundo. Hicho kilitoka jioni, baada ya ng'ombe kukamuliwa na sufuria kuoshwa. Ndani kulikuwa na kitambaa kimoja alichofuma kwa miaka, akifika pembeni akiona hakikai vizuri anakifumua, anaanza upande huo tena bila haraka. Mara moja jirani alimwomba amuuzie hicho. Shosho akamwambia, "Hicho ni cha mikono yangu," akamwongezea chai.

Shosho hakuwa tajiri. Hakuwa na mshumaa wa harufu, alikuwa na koroboi. Kwa hivyo usiniambie upole ni mali ya Kilimani. Maskini wamekuwa nao siku zote, na walikuwa wakiulinda kwa ujanja, kwa kuwa walijua soko halishibi. Ukilipa kiondo cha kwanza litataka cha pili. Kilichobadilika kwa kizazi chetu ni kwamba tumeambiwa cha pili ni uvivu, tukaamini, tukakimwaga chote ndani ya cha kwanza. Na wengi wetu tukishafanya hivyo bado hatuna pesa. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Tungekuwa tumetajirika angalau tungekuwa na la kusema.

Basi hii hapa risiti yangu, usome kama alivyosoma anti.

La kwanza: nina kazi nne nilizoanza nikaziacha. Nitamaliza moja. Tatu zingine zinaweza kungoja, uzi hauozi.

La pili: nikikosea, nitafumua siku hiyo hiyo badala ya kuendelea juu ya kosa nikijidanganya halitaonekana. Lugha yetu yenyewe imeweka kufuma na kufumua karibu hivyo, herufi moja tu. Shosho alifumua maisha yake yote na sikuwahi kumsikia akijiita mwenye kufeli. Nilipoacha chuo ningependa mtu angenikumbusha hilo.

La tatu: nitajifunza kusoma mchoro wa kroshia, zile alama za duara na misalaba, maana mpaka leo nafuma kwa kukariri tu. Sina tarehe ya mwisho. Mkono ukiuma nalala.

La nne: nitamfumia mtu mmoja shali, na hatanilipa.

Siku nikikosa kufuma, sidaiwi. Hakuna hesabu ya siku mfululizo, hakuna picha ya kabla na baada. Na kama wewe kitu chako si uzi, ni gitaa, au kupika, au kukimbia Karura asubuhi, sheria ni ile ile. Uza kile unachotaka kuuza, na ukiuze kwa bei inayolipa mikono yako, si 53 kwa saa. Halafu bakisha kingine ambacho hata mtu akija na pesa mkononi utamwongezea chai tu.

Shali ya lengo la nne nimeianza juzi. Ni ya bluu, mistari sita hadi sasa, mmoja umepinda na nitaufumua kesho. Ni yako, anti. Ndiyo maana sikukujibu siku ile. Na hapana, si ya kuuza.