Nyumbani, kapita ni wewe

Ndugu mtumikaji, na wewe mama mwenye bustani,

Huwezi kuingia shimoni bila kaske na bote. Kapita angekurudisha. Lakini tazameni katika lupango zetu, Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, wakati wa mvua: mtu amebeba pompi ya dawa mgongoni, miguu mitupu, mikono mitupu, na watoto wanacheza karibu. Huyu atarudishwa na nani?

Sababu yake tunaielewa. Kuanzia Novemba mvua inanyesha, majani hayakauki, na ugonjwa wa mildiu unashika tomati. Majani yanapata madoa ya kahawia, asubuhi chini yake unaonekana ukungu mweupe, kisha matunda yanaoza. Kwa siku chache bustani yote inaweza kufa, na pamoja nayo feza ya masomo ya watoto.

Lakini jueni jambo hili: dawa za shaba na mankozebu hazifufui jani lililooza. Zinakinga jani lililo zima. Mwaka 1885, Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza kwamba salfati ya shaba iliyochanganywa na chokaa inakinga mizabibu. Alisema kukinga, si kuponya. Basi kuzidisha dawa juu ya mmea uliokwisha kuoza ni kupoteza feza na kujitia sumu bure.

Kwa maoni yetu, dawa ije mwisho. Kwanza panda kwa nafasi ili upepo upite. Simamisha miche kwa vijiti. Mwagilia chini, si juu ya majani. Ng'oa mmea mgonjwa na uuchome. Ukijenga kibanda cha plastiki, acha pande wazi. Kikifungwa, unyevu unabaki ndani, na wewe unavuta dawa yako mwenyewe.

Ukilazimika kupuliza, fanya kama kazini:

– Vaa bote, nguo za mikono mirefu, mifuko ya mikono ya mpira, na funika macho, pua na mdomo.
– Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye dawa.
– Puliza wakati hakuna upepo, watoto wakiwa mbali.
– Usiweke dawa katika chupa ya limonadi. Mtoto ataona kinywaji.
– Usioshe pompi mtoni.
– Hesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma.

Hili la mwisho ndilo watu wanalodharau zaidi. Leo wanapuliza, kesho wanauza. Mankozebu iliyobaki kwenye tunda, ikipikwa, inatoa sumu inayodhuru tezi ya shingo, na ni hatari kwa mama mwenye mimba. Umoja wa Ulaya uliondoa ruhusa ya dawa hiyo. Hapa kwetu watu wanaipuliza bila kuhesabu siku.

Usiseme: "Hizi ni za soko, sisi hatuzili." Anayezinunua ni mke wa mwenzako wa kazi, na watakaozila ni watoto wake.

Kazini kuna mtu wa kukuchunga. Katika bustani, kapita ni wewe. Uwe kapita mkali.